Ngamia wa Kitovu na Tundu la Ngumi

Kwetu, mtoto wa kiume akizaliwa hupewa ngamia jike, aitwaye ngamia wa kitovu chake, naye na uzao wake ni mali ya mtoto huyo maisha yake yote. Wangu alikuwa mwekundu, sikio moja limepasuliwa. Lakini aliyemchunga alikuwa mdogo wangu, kwa sababu mimi, ngamia akisogea mbali kidogo tu, sikuweza kumtofautisha na kichaka. Mwenye macho haambiwi tazama, husema watu. Mimi niliambiwa tazama kutwa kucha.

Mdogo wangu alikuwa akipanda kichuguu, akawataja ngamia wa majirani kwa alama zao, na baba akacheka kwa furaha. Kicheko kile sikuwahi kukipata. Nilimwonea wivu.

Miaka mingi baadaye mpima macho alinieleza kwamba jicho langu ni refu kuelekea nyuma. Mwanga wa mbali hukutana kabla ya kufika ukuta wa ndani, na ukifika pale umekwisha kutawanyika. Wakati ule nilijua jambo moja tu: nikichungulia kwenye tundu la mkeka uliofunika nyumba yetu, miti ya mbali ilikuwa na matawi. Tundu dogo hupitisha mwanga mwembamba, usio na nafasi ya kutawanyika. Nikajifunza kukunja ngumi na kuacha kitundu katikati. Sikumwambia mtu, hasa mdogo wangu.

Vita vya serikali na waasi walioitwa shifta vilipopamba moto tulihamishiwa kijiji cha kulindwa, karibu na Garissa. Askari wakakusanya mifugo yetu kwenye boma la miiba. Mwenye mnyama alitakiwa kusimama langoni amwonyeshe wake. Akikosea, mnyama hamrudii.

Zamu yangu ilifika. Mbele yangu palikuwa na vumbi na rangi ya udongo, basi.

"Abowe," mdogo wangu alininong'oneza, maana ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa, "yuko nyuma ya yule mweupe."

"Nyamaza. Ni wangu."

"Mwenyewe nani?" askari akafoka. "Onyesha haraka!"

"Mimi, afande. Ngoja kidogo."

Nikaweka ngumi jichoni. Askari walicheka, wacheke tu. Katika kile kitundu ngamia wakapata miguu, shingo, masikio. Nikamwona.

"Yule bale, afande!" nikaita kwa Kiswahili changu kisichojua p. "Ile nyekundu, sikio imebasuka!"

Lango likafunguliwa. Moyo ulinidunda kwa fahari. Siku hiyo nilikuwa nimekiona changu kwa jicho langu mwenyewe. Nilibaki na ngumi jichoni, nimwone akija. Alikuja mbio, akanipita, akaenda kuweka pua yake shingoni mwa mdogo wangu, na yule akamnong'oneza jina ambalo mimi sikujua kwamba analo.

Nikafungua ngumi, wote wawili wakarudi kuwa ukungu.