Hotipoti ya Wifi

Kila tunaposafiri, wifi yangu huizunguka meza ya chakula katika ukumbi wa abiria pale KIA, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Keki huibonyeza kwa kidole. Soseji huinusa, kisha humwuliza mhudumu kwa sauti ya kuwafikia marubani, "Mwanangu, hii imelala siku ngapi?" Daktari amemkataza mafuta na chumvi, naye hataki abiria yeyote aondoke bila kulijua hilo. Mwishowe huchukua vipande vitatu vya papai, huketi, na kufungua hotipoti ya makande aliyoyapika Same alfajiri.

Mimi, kwa heshima ya ukoo wa marehemu mume wangu, huketi viti vinne kutoka kwake, nimejifunika gazeti kama mtu asiyemjua. Juzi mhudumu alimwinamia. "Shikamoo, mama. Chakula cha nje hakiruhusiwi humu."

"Marahaba. Na cha ndani hakiliki."

Watu wakacheka. Nikainua gazeti juu zaidi. Ndipo akanipungia mkono: "Wifi! Njoo kabla hayajapoa. Kijiko ulichonipa asubuhi nikufichie, hiki hapa!"