Mkono wa Rumaisa

Thuwaiba wa Pate hakuwa mwanamke mwoga. Alilima tumbaku peke yake, akaua nyoka kwa jembe, akalea binti bila baba. Lakini spika ikilia popote pale mjini, hukimbilia nyumbani.

Bintiye, Rumaisa, ana miaka kumi na tisa na mtindio wa ubongo. Hatembei wala hasemi. Miaka miwili iliyopita, kwenye harusi ya jirani, spika zilifunguliwa ghafla, naye akashikwa na kifafa kisichokoma. Maji yalikuwa yamekupwa, boti zimekaa matopeni, hakuna njia ya kufika hospitali. Mamake alimpakata gatini saa tatu nzima, akiona midomo yake ikibadilika rangi. Binti alipona, ila tangu siku hiyo hata redio haikuingia nyumbani mwao.

Kwa hiyo Chelangat, mtaalamu wa tiba aliyetoka Kericho, alipobisha hodi na kifaa chake cha muziki, Thuwaiba aliziba mlango kwa mwili wake.

"Mai yameyaa?" aliuliza, hata salamu hajaitikia.

"Yamejaa, Bi Thuwaiba. Boti inaningoja. Daktari wake ameruhusu, na dawa ya dharura ninayo."

Hapo Thuwaiba akampisha, kifaa kikawekwa mbele ya Rumaisa. Kilikuwa kisanduku cheusi. Mkono ukipita tu mbele yake, bila kugusa kitu, spika ndogo hulia. Thuwaiba akataka sauti ishushwe. Ikashushwa. Akataka ishushwe tena.

Mkono wa Rumaisa ukatikisika, ikatoka sauti nyembamba kama ya filimbi. Akatulia. Akaujaribu tena. Mara mwili mzima ukakakamaa, macho yakamtoka.

"Zima! Wamuua mwanangu!"

Chelangat akazima. Thuwaiba alikuwa ameshamlaza binti ubavu aliposukumwa kwa kiwiko. Rumaisa alipiga ukelele wa hasira, mkono umenyooka kuelekea kisandukuni. Hakikuwa kifafa. Alikuwa akijikaza kuifikia sauti, nao wamemnyang'anya.

"Niwashe?" Chelangat aliuliza kwa upole.

Thuwaiba akamwinua bintiye, akamkalisha. "Washa. Polepole."

Kifaa kikaachwa pale. Wiki ya tatu kifafa kilirudi kweli, asubuhi moja, kisanduku kikiwa kabatini, kimezimwa. Kilipita upesi, lakini Thuwaiba hakuondoka kando ya bintiye hadi adhuhuri. Alitaka kukirudisha kisanduku kwa Chelangat mjini Amu siku hiyohiyo, ingawa alijua hakina kosa. Rumaisa hakuondoa macho kabatini. Mwishowe mama akakitoa, akasema bismillahi, akakiwasha kwa mkono wake mwenyewe.

Siku hizi Rumaisa humwita mamake kwa sauti mbili fupi za kisanduku, naye huitika "Naam" kutoka jikoni. Lakini binti anapopiga kwa muda mrefu, Thuwaiba huja kuketi kando yake, kiganja kifuani pa binti, akihesabu pumzi moja baada ya nyingine mpaka amalize.