Ngan Geuk

Nikikaa, goti langu la kulia hucheza lenyewe. Niko hivyo tangu utotoni, na nyumbani kwetu Rahaleo, Mtwara, hakuna aliyejali. Miaka ya tisini nilipata kazi ya kuchambua majongoo bahari yaliyokaushwa, ndipo mguu huo ukageuka kesi.

Mnunuzi alikuwa mzee wa Hong Kong, mwenye Kiswahili cha kuokoteza. Siku moja alipita kwenye mkeka wetu, akanionyesha goti kwa kidole. "Ngan geuk." Nikamuuliza ndiyo nini. Akaketi juu ya ndoo, akachezesha mguu wake. "Hii. Mama yangu alipiga mimi sababu ya hii." Tukacheka. Kisha akasema wazee wao huamini mwanamume mwenye tabia hiyo hutikisa riziki ikamwagika, na mwanamke hujishusha hadhi.

Msimamizi wetu, mtu wa hapahapa Mtwara, alishika hilo la mwisho. Kesho yake nikawa Ngangeu. Ngangeu, lete gunia. Ngangeu, nani atakuoa wewe. Vijana wa kupakia akawaambia kwamba ni Kichina, maana yake malaya. Nililala na hasira, nikaamka nayo.

Mchana mmoja mama yangu aliniletea chakula. Msimamizi akamlaki, "Karibu, mama Ngangeu."

"Ndiyo nani huyo?" mama akauliza.

Nikasimama. "Mwambie maana yake. Mwambie kama unavyowaambia vijana."

"Utani tu, dada."

"Kabila langu na lako hayana utani. Mwambie."

Mama mmoja wa kijiji cha Mahurunga, aliyekuwa jirani yangu mkekani, akaacha kuchambua, akakunja mikono. Wengine wakamfuata. Yule mzee mnunuzi akatoka ofisini kuuliza kwa nini kazi imesimama. Nilipomweleza, alimgeukia msimamizi. "Mguu tu," akasema. "Mimi nilisema mguu tu."

Msimamizi alimwomba radhi mama yangu. Mimi hakuniomba. Kazini jina likakoma, lakini mtaani likabaki. Hata miaka ya elfu mbili, nikiwa na watoto wangu sokoni, mtu mzima mwenye mvi aliniita hivyo, na mwanangu akageuka kutazama ni nani anayeitwa.

Mgeni alitaja mguu. Wa kwetu ndiye aliyeufanya tusi. Sijamsamehe, na watu waache kuniambia ni mambo ya zamani.