Mstari Mfupi wa Baba

Kahawa ikichanua kijijini kwetu Nyaishozi, harufu ya maua yake huingia mpaka ndani ya nguo zilizoanikwa. Mwaka niliokuwa darasa la nne ilichanua kupita kiasi, na ndio mwaka baba yangu alipoanguka. Alikuwa mwenyekiti wa kitongoji chetu hapo senta, cheo alichokipata kwa jasho: zamani, ng'ombe wa wafugaji walipokula migomba ya watu na mapanga yakashikwa, yeye alisimama katikati akaongea Kinyambo taratibu hadi pande zote mbili zikapeana mikono. Tangu siku hiyo walimwita mwenyekiti hata kabla hawajamchagua, nami nilitembea nyuma yake nikijiona mtoto wa mfalme.

Kisha likaja agizo kutoka juu kwamba wauza ndizi wa kando ya barabara waondoke. Baba angeweza kumwachia mtendaji wa kijiji alisome. Alilisoma mwenyewe, akasema kiongozi hatumi mtu kupeleka habari mbaya. Mabanda yalibomolewa asubuhi, mikungu ikatupwa mtaroni, na banda la mama lilikuwa la tatu. Mama aliokota ndizi ambazo hazikupondeka, akazifunga kwenye kanga. Penye wengi pana mengi: wako walioapa kwamba baba ameahidiwa kiwanja. Kiwanja hicho sijakiona hadi leo, lakini shuleni wenzangu waliacha kucheza nami.

Uchaguzi wa ndani ya chama wa kumpata mgombea uenyekiti ulipofika, watu waliambiwa wapange mstari nyuma ya wamtakaye. Baba alitazama mbele tu, asione walivyokuwa wachache mgongoni kwake. Mimi niliyekaa kwenye nyasi niliwaona. Nilimwona na mama, amembeba mdogo wangu, akienda kusimama nyuma ya mpinzani wake.

Jioni alimwandalia baba chakula kama kawaida. Baba akauliza bila kuinua macho, akimwita kwa jina langu, "Hata wewe, mama Kokushubira?"

"Wewe ulisimama na agizo," mama alisema. "Mimi nimesimama na waliobomolewa."

Baba akala. Hakuongoza tena kitu chochote, hata kikao cha harusi.

Siku hizi nami napiga kura, kwa karatasi, na mume wangu hajui nimemchagua nani. Wanasema siri hiyo ndiyo amani ya nyumba. Huenda. Ila kila nikikunja karatasi ile najiuliza kama ningethubutu kutembea mchana kweupe, mtoto mgongoni, mbele ya macho ya mtu nimpendaye ninayemwangusha.