Sabuni ya Fundi Breki

Fundi magari wa mji wa Isaka hakugusa raba za breki kabla ya kunawa kwa sabuni, kama mtu anayekwenda kula ugali. Grisi, alisema, huzivimbisha. Nurjahan, mwenye Peugeot kuukuu, alimtazama akisugua pistoni na kuzirudisha polepole kwenye kalipa, kile chuma kinachobana diski ya breki, huku akiimba puani. Tangu breki zilipomkatalia akikaribia kivuko cha reli, mama huyo alikuwa hajashika usukani tena.

Kazi ilipokwisha, fundi akampa Nurjahan ufunguo, akaenda kusimama katikati ya barabara.

"Njoo, Mama Hasnain. Ukinikaribia, kanyaga breki."

"Nitakugonga, fundi!"

"Basi nitakuwa nimejigonga mwenyewe."

Nurjahan akawasha gari, akamkaribia, akakanyaga. Gari likasimama palepale, bila kuvuta upande. Fundi, aliyekuwa amefumba macho, akayafumbua na kuweka kiganja juu ya boneti. Nurjahan akacheka mpaka machozi: kumbe waliogopa wote wawili.