Mafuta ya Mama Mkwe

Watu wengine wakisikia harufu ya samaki mbuta akikaangwa hutokwa na mate. Mimi huona trakta. Najua si jambo la kawaida, ndiyo maana siwaambii wageni, lakini ninyi nitawaambia. Juzi nilipita Dunga, kando ya ziwa, alasiri, akina mama wamebandika makarai yao, mafuta yanachemka, nikajikuta nacheka peke yangu barabarani. Mama mmoja akaniuliza kama nimekuja kununua au kucheka. Nikanunua, kwa aibu.

Trakta yenyewe ilikuwa ndogo, ya kukatia nyasi za bustani. Zamani ilikuwa nyekundu. Kiti chake kilikuwa na tundu ambalo Baba aliliziba kwa kipande cha gunia. Baba alifanya kazi Kericho miaka mingi, akitunza bustani ya meneja wa shamba la chai, na sisi tulimwona Krismasi na kwenye matanga. Miaka ya themanini ikielekea mwisho meneja akahama, akamwachia trakta hiyo kuukuu kama zawadi ya kuagana. Baba aliileta nyumbani kwetu karibu na Kombewa juu ya lori, naye amekaa kwenye kiti chake, ameshika usukani, kana kwamba ndiye anayeendesha lori zima.

Siku hiyohiyo alitangaza kwamba Kericho basi. Atakata nyasi za shule, za makanisa na za hospitali, na kila jioni atalala kwake. Nilikuwa na miaka minane, mtoto wake wa kwanza, na sikuwa nimewahi kusikia habari tamu kama hiyo.

Karibu nasi palikuwa na shule ya msingi ambayo nyasi za uwanja wake zilifika magotini. Mwalimu mkuu, mama mrefu mwenye miwani, alimwambia Baba aje Jumamosi, siku ya mkutano wa wazazi. Trakta ikiukata uwanja vizuri, kazi ni yake, na shule za jirani zitamwita pia. Ikishindwa, meneja mpya wa Kericho alikuwa ameshatuma salamu kwamba mahali pa Baba bado papo. Kwa hiyo nilizipenda nyasi zile na kuzichukia kwa wakati mmoja.

Tatizo lilikuwa mafuta. Trakta ile haikuwa na gia kama za gari. Mafuta ndiyo yaliyozungusha magurudumu: pampu ikiyasukuma, inaenda, yakiharibika, injini inanguruma lakini magurudumu yamelala. Na yalikuwa yameharibika. Baba alipoyachungulia yalikuwa meupe kama chai ya maziwa. Kitabu cha maelezo kilibaki Kericho, na maandishi yaliyokuwa karibu na kifuniko yalikuwa yamefutika zamani.

Basi tukaenda mjini, Mamboleo, kwa Fundi Okoth, mimi nimebeba mafuta yale kwenye chupa ya soda, nikiwa nimeonywa nisiyanywe. Fundi alikuwa mtu mnene aliyeongea polepole. Aliyamimina kidogo kiganjani, akayasugua, akayanusa, na mbele ya macho yangu akayaonja.

"Mzee, hii oili imekunywa maji," alisema. "Mwaga yote."

"Nimwage, halafu niweke gani?"

Hapo ndipo Mamboleo nzima ilipoitisha mkutano. Dereva wa lori alisema oili ya injini yatosha, oili ni oili. Muuza vipuri alisema ya gia, ile nzito. Kijana mmoja akataja mafuta ya breki, Fundi Okoth akamkemea kwamba hayo yatakula mpira wote wa ndani. Mama muuza ndizi, ambaye hakuulizwa, alisema kwao mashine ya posho ilitengenezwa kwa kimbo, mafuta ya kupikia. Baba aliwasikiliza wote kwa heshima kama yuko kanisani. Mwishowe Fundi akaamua: mafuta ya haidroliki, yale ya trakta kubwa, mepesi, yanayostahimili joto. Baba akanunua debe dogo, na njia nzima alilipakata kama mtoto mchanga.

Lakini maneno hukimbia kuliko gari. Tulipokuwa bado tunasubiri gari la kurudi, habari zilikuwa zimeshashuka Dunga, kwa Dani, bibi yangu mzaa mama. Dani alikuwa muuza mbuta. Alikaanga mapande na mifupa, na samaki yule ana mafuta mengi hivi kwamba hutoa mafuta yake mwenyewe ya kukaangia na ziada ya kuuza. Watu waliyanunua mafuta yake kupikia, kujipaka, na kuchulia migongo. Sasa anaambiwa mkwewe anazunguka mji mzima, na chupa mkononi, akiomba mafuta kwa watu baki. Aibu gani hiyo? Watu watasema nini?

Dani hakuwa amewahi kukanyaga boma letu. Sisi ndio tuliokwenda Dunga kumwamkia, na Mama kila mara alirudi kimya. Nilidhani Dani haogopi chochote duniani ila safari.

Jumamosi asubuhi Baba alikuwa amemwaga mafuta mabovu, amefuta kila kitu kwa kitambaa, na debe la Mamboleo liko pembeni tayari, kifuniko kimeshalegezwa. Ndipo nikamwona Dani langoni. Alivaa gauni la kanisani na kitambaa cheupe kichwani, na juu ya kitambaa amejitwika jerikani ya manjano iliyong'aa kwa mafuta. Mama alipomwona aliangusha sufuria.

Lazima niwaeleze jambo. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mikono, hawali pamoja, wala hawatazamani usoni. Wanaheshimiana mpaka inakuwa kama wanakimbizana. Baba alirudi nyuma hadi akagota kwenye trakta. Dani naye akasimama mbali, ametazama vilima vya mbali. Kati yao wakaniweka mimi.

"Akinyi, mwambie babako nimemletea mafuta ya mashine yake. Nimeyachuja kwa kitambaa kipya."

Baba alikuwa amesikia kila neno, lakini nilitembea hadi kwake nikamwambia.

"Mwambie dani yako tumeshukuru sana. Ila..."

Nikatembea. "Dani, tumeshukuru sana ila."

"Mwambie babako hakuna ila. Mafuta ya mama hayakataliwi. Aweke, nione." Akaitua jerikani, akanikabidhi.

Baba alilitazama debe la Mamboleo. Kisha akamtazama Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni bila kuiokota sufuria. Akavua kofia, akaipokea jerikani kutoka mikononi mwangu kwa mikono miwili, akamimina. Yalishuka yakimetameta, mazuri ya kutazama, na yakanukia chakula cha mchana. Mimi, niliyesikia maneno ya Fundi Okoth kwa masikio yangu, nilitaka kupiga kelele. Mama akanifinya.

Na mjue, trakta ilienda! Ilitoka bomani ikitembea vizuri, Baba juu, Dani nyuma kwa mbali kama mchungaji, sisi tukafuata. Uwanjani wazazi walikuwa wameketi kwenye madawati, na Dani akapewa kiti chenye mgongo. Baba akashusha kisu, nyasi zikaanza kulala. Watu wakapiga makofi. Dani aliinua kidevu na kumwambia jirani yake, kwa sauti ya kufika ng'ambo, "Hiyo ni mafuta yangu inakimbia hivyo."

Kisha mafuta yakapata moto.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Mzee mmoja aliuliza kama chakula kimeiva. Wanafunzi walinyoosha shingo. Mbwa wa kwanza alitokea kwa mlinzi, akaanza kuifuata trakta kwa adabu, akafuatwa na wengine wawili, halafu paka wa jikoni. Ndege wale wakubwa wenye vipara, wanaokaa kwenye mapipa ya taka sokoni, sijui nani aliwaambia. Walishuka mmoja mmoja na kusimama pembeni kama wazee wa kamati. Baba alizidi kukaza uso mbele. Alipofika katikati, povu jeupe likaanza kutoka chini ya kiti, trakta ikapunguza mwendo, ikapumua, ikasimama. Injini ilinguruma. Magurudumu yalilala. Mbwa wakaanza kulamba chuma.

Mwalimu mkuu alivuka uwanja, miwani mkononi, akijitahidi kutocheka.

"Baba Akinyi, unakata nyasi ama unakaanga samaki?"

Uwanja mzima ulicheka. Hata mimi nilicheka, mpaka nilipouona uso wa Mama.

"Umetia mafuta gani humu?" mwalimu akauliza.

Dani alikuwa ameketi palepale kwenye kiti chake chenye mgongo, mikono mapajani. Nilijua Baba atasema. Neno moja tu, na kila mtu angeelewa, na mwalimu angempa Jumamosi nyingine.

"Mafuta ni mazuri, mwalimu," alisema Baba. "Trakta ndiyo imezeeka."

Dani akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Mimi nilijua tu," alimwambia jirani. "Chuma ya wazungu ikishazeeka haina kazi."

Uwanja ulimaliziwa kwa mafyekeo ya wanafunzi. Jumatatu Baba alifunga mfuko wake akarudi Kericho, na mimi nililia hadi nikatapika. Kijiji kilicheka mwaka mzima: mwanamume aliyemwogopa mama mkwe hadi akakaanga trakta. Niliwachukia waliocheka, lakini ukweli ni kwamba nilikubaliana nao. Nilimwona Baba mwoga, na Dani nikamwona mwizi wa baba yangu.

Dani mwenyewe hakuona kosa lolote. Alianza kuja. Alikuja mwezi uliofuata na samaki, akaja tena mwezi mwingine na kitambaa cha gauni la Mama. Ndugu yangu alipozaliwa, Baba akiwa bado Kericho, Dani ndiye aliyempokea mtoto na kumwogesha, na usiku niliwasikia yeye na Mama wakicheka chumbani kama wasichana wa shule. Mama hakuwa mtu wa kucheka kabla ya hapo. Nilidhani ni furaha ya mtoto.

Baba alirudi mwaka uliofuata, akaisafisha trakta kwa mafuta ya taa, akaweka yale ya Fundi, akapata kazi aliyoitaka. Siku za jua kali bado mbwa waliifuata.

Miaka mingi baadaye, tukiwa tumemzika Dani, nilikaa na Baba kibarazani nikamtania. Nikamuuliza, je, siku ile alimwogopa kweli yule bibi mfupi?

Alichungulia ndani kwanza kuhakikisha Mama yuko mbali.

"Nilimchukua mamako kabla hajamaliza chuo," alisema. "Dani yako aliapa hatakanyaga kwangu. Mamako alikuwa akifagia njia ya langoni kila asubuhi, hata siku zisizo na mgeni. Hakuniambia kwa nini, nami sikuuliza. Sasa siku dani yako anakuja, na amebeba mafuta kichwani kutoka Dunga, nimwambie hayafai?"

"Lakini kazi, Baba."

"Nyasi, nyathina, mwanangu," akasema, "ukizikosa leo, wiki ijayo zimemea tena."