Pamba ya Nani?

Sijui kukaa bure. Wifi yangu husema nina siafu miguuni, na wakati ule wa oda ya fulana alikuwa na haki ya kusema hivyo, maana niliizunguka meza ya kukatia asubuhi nzima, mkasi mkononi, na sikukata hata kipande.

Karakana yetu iko Nyakato, chumba kimoja kirefu nyuma ya mashine ya kusaga. Mimi na wifi, dada wa marehemu mume wangu, tuliianzisha kwa cherehani mbili tukishona sare za shule na za kwaya. Kisha akaja wakala kutoka Dar, kijana mcheshi, akitafuta mafundi wa kuishonea fulana kampuni moja ya nguo ya nje, yenye lebo ambayo hata watoto wa Igogo wanaijua. Kitambaa wangeleta wao. Sisi tungekata, tungeshona na kupiga pasi. Wifi alipiga vigelegele mpaka msagaji akaja kuuliza nani anaolewa. Tukawachukua mafundi wengine, wanawake wenzetu. Wifi akaiacha meza yake ya mitumba sokoni, kwa kuwa aliona riziki imehamia Nyakato.

Majora ya kitambaa yakafika, meupe, laini, yamefungwa nailoni. Tulikuwa tunayapanga huku redio inaongea, nikasikia habari za Wauighuri, watu wa magharibi mwa China, wengi wao Waislamu. Wanaowatetea wanasema wapo wanaopelekwa mashambani na viwandani kwa lazima, na pamba wanayoichuma inaishia kwenye nguo za kampuni kubwa za dunia. Serikali ya China inakanusha. Mtangazaji akasema wanunuzi katika nchi nyingi wanazibana kampuni hizo ziseme pamba yao inatoka wapi. Kisha akahamia kwenye mpira. Mimi sikuhama naye.

Nimekulia kwenye pamba. Kijijini kwetu, upande wa Magu, karani wa ghala la ushirika hakugusa mzani kabla ya kuuliza, "Pamba ya nani?" Mwenyewe alitoka kwenye foleni, akasimama ubavuni mwa furushi lake na kulifungua kwa mkono wake, watu wote waone kama ameficha mchanga au ameimwagia maji. Furushi lisilo na mtu wa kulisimamia lilivutwa pembeni, hata liwe jeupe namna gani. Na bibi yangu alikuwa na habari zake za pamba ya lazima, enzi za wakoloni, jinsi baba yake alivyochapwa kwa kupanda mtama pale alipoamriwa kupanda pamba. Akifika hapo alikuwa anatema mate.

Nikampigia wakala. Nikamuuliza pamba ya kitambaa kile ililimwa wapi.

Akacheka. "Dada yangu, pamba ni pamba. We shona tu."

"Waulize wenye lebo."

"Nikiwauliza hayo si wataniona msumbufu?"

"Basi nitawauliza mwenyewe."

Nikawaandikia kwa simu. Wakajibu upesi, kwa adabu nyingi, kwamba wanaheshimu haki za kila mfanyakazi na wananishukuru kwa ushirikiano. Nikaandika tena: sikuuliza mnaheshimu nini, nimeuliza pamba imelimwa wapi. Wakanyamaza. Nikaandika tena na tena, wakanyamaza vilevile.

Mafundi walikaa wakisukana nywele. Mimi nilifagia palipofagiliwa, nikatia mafuta cherehani zisizoshona. Wifi akanifuata nyuma.

"Wifi, hao wachuma pamba umewahi kuwaona?"

"Sijawahi."

"Na mimi unaniona?"

"Nakuona."

"Haya. Wanangu wanakula kwa mkasi huo ulioushika." Akaongeza kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa, ingawa alijua fika kwangu tulikuwa tunalala na uji.

Nilikasirika, na nilichokasirikia zaidi ni kwamba alisema kweli. Nikamwekea mkasi mezani, nikamwambia akate yeye, sitamzuia. Akauchukua, akauweka kwenye mkoba wake, akaondoka. Tangu hapo akawa ananisalimia kama mtu aliyekutana naye kituoni.

Hakuukata ule mzigo. Labda alingoja wanijibu, sijui, sikuthubutu kumuuliza. Wakala akatangulia kufika, na pikapu. Wenye lebo wamechoka na maswali, alisema, kazi inapelekwa kwa mafundi wengine. Hakunitazama.

Wifi alikuwa mlangoni. Nilidhani atamwomba. Nilidhani atanitukana mbele yake, na nilikuwa tayari. Akaweka kiganja juu ya jora la kwanza.

"Pamba ya nani?"

"Ya kampuni, mama."

"Kitambaa ni cha kampuni. Pamba nani kailima?"

Kijana akatazama simu yake, akatazama gari, akamtazama yeye. Wifi alimngoja bila haraka, kama yule karani wa ghala niliyezoea kumsimulia.

"Haina mwenyewe," wifi akasema mwishowe, na akampisha. Majora yakapakiwa yote. Mafundi wakachukua khanga zao wakaenda, mmoja wao analia waziwazi, na mimi sikujua niweke wapi mikono yangu.

Kesho yake wifi alirudi sokoni, akaomba kona kwa mwenzake, maana meza yake ilikwisha kuchukuliwa. Nilimfuata mchana kumpelekea chakula na kumwomba radhi. Nikamkuta ameshika fulana ya mtumba, ya lebo ile ile, anaigeuza nje ndani, anapapasa mishono. Mteja amesimama mbele yake, hela mkononi, anauliza kuna nini.

"Umeniambukiza siafu wako," wifi akaniambia. Hakuwa anacheka.

Mteja akanyoosha mkono aipokee. Wifi hakuiachia.